Nilivyoandika Wasifu wa Baba Mara Mbili

Wasifu wa kwanza niliuandika usiku wa kuamkia mazishi, nikiwa nimekalia ndoo iliyofudikizwa nyuma ya nyumba yetu hapa Mtwara, kwa mwanga wa simu, huku upande mmoja wanawake wakichambua mchele na upande wa pili wanaume wakibishana kuhusu gari la kubebea jeneza. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu moja tu, kwamba kamati ya mazishi iliona nimesoma na mwandiko wangu unasomeka. Binamu yangu alinitumia kwa simu wasifu wa marehemu mwingine uwe mfano, nami nikabadilisha majina na miaka na kuyaacha maneno mengine karibu yote kama yalivyokuwa. Kesho yake niliusoma kanisani kwa muda usiofika dakika nne.

Ulisema kwamba marehemu alizaliwa mwaka 1949 huko Njombe, karibu na misheni ya Kidugala, akabatizwa akiwa mchanga, akapata kipaimara mwaka 1963, akasomea ualimu, akaajiriwa na Serikali mwaka 1971 na kupangiwa Newala, akafunga ndoa mwaka 1974, akahamishiwa Mtwara mjini mwaka 1988, akastaafu mwaka 2009, na akafariki Novemba 2019 akiwaacha mjane, watoto 5 na wajukuu 11. Ulisema pia kwamba alikuwa mcheshi, mcha Mungu na mpenda watu. Sifa hizo tatu zilitoka moja kwa moja kwa yule marehemu mwingine. Mcha Mungu alikuwa kweli, na watu aliwapenda kwa namna yake ya kuwakagua kucha na kuwauliza maswali, lakini mcheshi hakuwa hata siku moja, na nilipolitamka neno hilo nilimwona mama akiinua macho kunitazama.

Tulipotoka makaburini, mwanamke mmoja aliyejitanda kanga, ambaye nilimfahamu kwa sura tu kwa kuwa huuza ming'oko na korosho pale sokoni, alinisogelea akanishika mkono. Alinipa pole, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, mbona mambo ya maji hukuyasema?" Sikujua mambo ya maji ni mambo gani. Nilimjibu kwamba muda ulikuwa mfupi. Akaitikia kwa kichwa na kuondoka, nami nikabaki na aibu ambayo ndiyo chanzo cha makala hii, kwa sababu ilinichukua karibu mwaka mzima kuiondoa, na katika mwaka huo nilijifunza mambo ambayo ningependa mtu mwingine ayajue kabla hajakalia ndoo kama mimi.

La kwanza ni kwamba kazi hii isifanywe usiku wa msiba kama kuna njia yoyote ya kuiepuka. Usiku huo mfiwa hana kumbukumbu. Ana uchovu, ana simu zinazoita, na ana ndugu ambao kila mmoja anataka jina lake liwe kwenye orodha. Wasifu unaoandikwa wakati huo hauwezi kuwa zaidi ya fomu iliyojazwa. Ninajua kwamba kwetu mtu akianza kuandika maisha ya baba yake angali hai ataambiwa anamchuria, na mimi mwenyewe niliogopa maneno hayo, ingawa baba alikuwa ameugua kwa miezi saba na jioni nyingi tulikaa naye barazani tukizungumza habari za bei ya korosho. Jioni moja kati ya hizo ningeweza kumuuliza habari za Newala. Asingeona kwamba ninamchuria, kwa kuwa mwalimu hachoki kuulizwa.

Kuna swali jingine ambalo tulipaswa kumuuliza angali hai na hatukumuuliza, nalo ni mahali anapotaka kuzikwa. Baba mdogo alifika kutoka Njombe kwa njia ya Songea, Tunduru na Masasi, akiwa na ndugu wengine wanne, akaeleza kwa heshima lakini bila kuyumba kwamba mtu wao anarudi nyumbani. Mama alisema kwamba marehemu alikwisha mwambia azikwe hapahapa Mtwara. Shida ilikuwa kwamba alimwambia mama peke yake, chumbani, na neno la mjane mbele ya kikao cha ukoo, hasa mjane aliyeolewa kutoka Masasi, lina uzito mdogo kuliko linavyostahili. Kikao kilianza saa nne usiku kikaisha saa nane. Mwishowe baba mdogo alikubali, na nadhani kilichomlainisha ni uchovu pamoja na habari ya barabara, kwa kuwa safari ile ni ya zaidi ya kilomita 800. Ukiwa na mzazi anayeishi mbali na kwao, mwombe aliseme jambo hilo mbele ya ndugu zake wa damu, hata kwa simu yenye kipaza sauti, na awepo mtu wa tatu anayesikia.

Baada ya msiba, niliporudi kumtafuta yule dada wa sokoni, nilikuta kwamba habari ya maji si fupi. Alianza kwa kunikumbusha jinsi Newala ilivyokaa. Mji uko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na ukisimama mahali panapoitwa Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini yako. Lakini huko juu ardhi ni ya kichanga, mvua hupotelea chini, na zamani mtu aliyetaka maji aliteremka mteremko mpaka kwenye chemchemi za bondeni akapanda tena na debe kichwani. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake na wasichana. Mwaka 1978 yeye alikuwa na umri wa miaka 11, mama yake alikuwa mgonjwa, na kuchota maji kulimwangukia yeye.

Hapo inabidi nieleze kidogo hali ya shule za wakati ule. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe ameingia darasani kufikia Novemba 1977, na vijijini jambo hilo lilikuja kwa kishindo: watoto waliandikishwa kwa wingi kuliko madawati, na walimu kama baba wakajikuta na daftari la mahudhurio lenye majina 94 katika darasa moja. Kuandikishwa ni jambo moja na kufika ni jambo jingine. Msimu wa korosho ukianza, kuanzia Oktoba, madarasa yalibaki nusu. Jando na unyago navyo vilikuwa na nafasi yake. Baba, pamoja na daftari la Serikali, alikuwa na daftari lake mwenyewe la kurasa 80 ambamo kando ya jina la kila mtoto asiyefika aliandika sababu kwa penseli, kwa neno moja tu: korosho, jando, homa, maji. Ninalo hilo la mwaka 1978. Jina la huyu dada lina neno "maji" mara kumi na mbili katika mwezi wa Februari na mwezi wa Machi, kisha neno hilo linakoma.

Lilikoma kwa sababu mwalimu alianza kwenda bondeni mwenyewe. Alikuwa na baiskeli nyeusi ya kiume, akafunga madebe mawili kwenye kariya, moja huku na moja huku, kwa vipande vya mpira wa tairi, akateremka alfajiri ya Jumatano na alfajiri ya Jumamosi, na kurudi akiikokota baiskeli mlima wote kwa kuwa haikupandika ikiwa na mzigo ule. Juu ya maji aliweka majani ili yasirukeruke na kumwagika njiani. Alimwaga madebe yale kwenye mtungi wa mama yake mgonjwa, akageuka kwenda shule bila kukaribishwa ndani, na saa mbili asubuhi alipoita majina huyu dada aliitikia kama wenzake. Hali hiyo iliendelea mpaka mama yake alipopata nafuu, miezi minne baadaye. Leo ana wajukuu, na hesabu za biashara yake huziandika mwenyewe.

Niliporudi nyumbani kumsimulia mama, nilitegemea atafurahi. Alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Na maji ya nyumba yangu niliyachota mwenyewe, nikiwa na mimba ya mdogo wako." Alisema kwamba alimlalamikia, na baba akamjibu, "Wewe hukosi darasa." Hakucheka aliponiambia hivyo, wala sidhani kwamba baba alikusudia mzaha. Miaka mitatu baadaye alifunga mabati ya kukingia maji ya mvua kwenye paa na kujenga tangi la saruji, akatumia mshahara wa miezi kadhaa, na mama anasema tangi lilikuwa zuri, ila lile jibu hajalisahau.

Hapa ndipo ushauri wangu mkubwa ulipo, na msomaji aniwie radhi nikikaa hapa muda mrefu kidogo. Unapomuuliza mtu "Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?" atakujibu kwa maneno ya msibani, kwamba alikuwa mtu wa watu na hakuwa na makuu, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kujibu. Swali hilo liache. Muulize alikuwa anakuja saa ngapi. Muulize alikuwa amebeba nini, alikaa kwenye kiti kipi, alipokasirika alifanya nini na mikono yake, mara ya mwisho mlizungumza habari gani. Katika mwaka ule nilizungumza na watu 11, wengi wao si ndugu, na karibu kila jambo la maana nililolipata lilitoka kwenye maswali madogo ya namna hiyo. Ndugu nao wana lao, lakini ndugu wanamjua baba wa nyumbani tu, na mwalimu hushinda nje ya nyumba.

Mmoja wa wale 11 ni maalimu ambaye katika miaka ya 1990 alikuwa akija shuleni kufundisha kipindi cha dini kwa watoto wa Kiislamu. Niliambiwa na watu wawili kwamba siku za mvua baba alimwachia maalimu chumba chenye paa zima, yeye akawakusanya watoto wa Kikristo kwenye kibaraza kilichovuja. Nilikuwa tayari nimeipamba habari hiyo kichwani kuwa mfano wa udugu. Maalimu alicheka aliposikia nilivyoieleza. "Shikamoo" yangu aliipokea, akanikaribisha mkekani, kisha akaniambia, "Mwanangu, watoto wangu walikuwa zaidi ya themanini, wake walikuwa saba. Ungefanyaje?" Nilijifunza kutokukipaka rangi kila kitendo cha marehemu. Ilikuwa hesabu tu, na baba alikuwa mwalimu wa hesabu. Hata hivyo maalimu aliongeza kwamba chaki za kipindi chake zilikuwa mezani kila mara kabla hajafika, na kwamba hilo hakulazimika kuliomba. Chaki nikaziandika, na hadithi ya udugu nikaiacha.

Kwa msomaji asiyeufahamu ukanda wetu, niseme kwamba Walutheri hapa ni wachache. Waislamu ndio wengi. Waanglikana wako Masasi tangu mwaka 1876, walipoanza na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Wakatoliki wana Ndanda tangu mwaka 1906. Mlutheri wa Njombe aliyepangiwa Newala mwaka 1971 hakukuta usharika wa kwao karibu naye. Kwa miaka mingi baba alisali Jumapili na Waanglikana, ambako pia alimpata mama, na jioni akafanya ibada yake nyumbani kwa Katekismo Ndogo, kitabu ambacho Martin Luther alikitoa mwaka 1529 akikusudia mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa lugha nyepesi. Baba aliichukua kazi hiyo kama amepewa kwa barua ya ajira. Tulikaa kwenye mkeka baada ya chakula, akasoma amri, na mtoto aliyekuwa na zamu alijibu swali linalorudi kila mahali katika kitabu kile: "Maana yake nini?"

Swali hilo hakuliacha nyumbani. Nilikuja kugundua, kutoka kwa wanafunzi wake watatu ambao hawajuani, kwamba darasani hakuridhika na jibu sahihi. Mtoto akisema saba mara nane ni hamsini na sita, alimuuliza maana yake nini, mpaka mtoto apange kokoto mezani. Wakamwita Mwalimu Maana Yake. Watoto wa Kiislamu wa Newala walikuwa wakilibeba swali la Katekismo ya Luther bila kujua lilikotoka, na mimi niliyekariri Katekismo hiyo kwa kipaimara changu sikujua kwamba baba ana jina hilo. Jina la utani la mwalimu, kwa maoni yangu, lina habari nyingi kuliko cheti chake, na ajabu ni kwamba halisomwi kanisani.

Kulikuwa pia na wakati ambapo Walutheri wenzake wachache walimsihi aache chaki awe mwinjilisti, kwa kuwa alijua kusoma Maandiko vizuri na hapakuwa na mtu. Alikataa. Mzee wa kanisa aliyekuwapo alinisimulia kwamba baba aliwajibu kwa kumtaja Luther mwenyewe, ambaye mwaka 1530 aliandika kwamba kama angelazimika kuacha kuhubiri, kazi ambayo angeitamani kuliko nyingine ni ya ualimu wa shule. Baada ya hapo hawakumsumbua tena. Wakampa kazi ya kusimamia mnada wa baada ya ibada, wa kuku, mayai na mikungu ya ndizi, ambayo aliifanya kwa miaka 20 bila tabasamu hata moja, na inasemekana mapato hayakupotea hata senti. Alipenda kusema kwamba yeye na KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, walipata kipaimara mwaka mmoja, kwa sababu mwaka 1963 ndipo makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa kanisa moja. Huo ndio mzaha pekee wa baba ninaoukumbuka, na aliurudia kila mwaka.

Mtu wa nne niliyemtafuta ni mvuvi wa Mikindani, naye ndiye aliyenitia katika mtihani. Aliunyoosha mkono akanionyesha kiganja. Akaniambia kwamba mwaka 1991 baba alimchapa fimbo nne kwa kosa la mwenzake, na alipoujua ukweli siku mbili baadaye alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwambia, "Nimekukosea." Hakumpa peremende, hakumpa daftari, wala hakusema zaidi ya hapo. Mvuvi alisema kwamba hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia neno hilo kabla ya siku ile, na bado hakuwa ameamua kama alimsamehe.

Je, jambo hilo liingie kwenye wasifu? Dada yangu mdogo alisema hapana, haifai kumvua baba nguo mbele za watu. Tulibishana siku tatu. Mimi nilirudi kwenye amri ya nane, kama Walutheri tunavyozihesabu, isemayo usimshuhudie jirani yako uongo. Luther anapoeleza maana yake anakataza kumsingizia na kumchafua jirani, kisha anaagiza tumtetee, tumseme vema na tuyaeleze mambo yake yote kwa upande wa wema. Dada alilishika neno la kumsema vema. Mimi nililishika neno uongo, maana wasifu ni ushahidi, na shahidi anayesema mtu anayemtetea hakukosa kamwe hakuna hakimu anayemwamini hata anaposema kweli. Tena Mlutheri hana sababu ya kuogopa: kanisani kila Jumapili tunaanza kwa kuungama, na baba aliungama pamoja nasi kwa sauti iliyosikika mpaka benchi la nyuma. Tulikubaliana kwamba aamue mwenye kiganja. Nilimwendea tena mvuvi, nikamsomea sentensi mbili nilizoziandika. Akaniambia nizisome, ila jina lake lisiwemo. Ndivyo ninavyokushauri wewe pia: kosa la marehemu lililomgusa mtu aliye hai ni mali ya huyo mtu, naye ndiye mwenye ruhusa ya kulitoa.

Lile jibu la "Wewe hukosi darasa" nalo nilimpelekea mama. Alifikiri kidogo, akasema niliweke, lakini niliweke pamoja na tangi.

Sasa niseme kuhusu karatasi, ingawa jambo hili halina utamu. Siku ya pili ya msiba wetu vijana walioagizwa kuwasha moto wa kupikia walichukua rundo la madaftari kutoka stoo, na nilipofika yalikuwa yamebaki matatu. Hakuna wa kulaumiwa, kwa kuwa hakuna aliyewaambia. Mtu mmoja katika familia, ambaye si mpishi wala mpokea wageni, apewe kazi ya kufunga chumba cha marehemu chenye karatasi na kukaa na ufunguo. Na kabla ndugu hawajagawana vitu, kila karatasi, kila picha na kila kitabu chenye mwandiko wake kipigwe picha kwa simu. Baba mdogo aliomba Katekismo ya baba iwe ukumbusho, nasi tulimpa kwa moyo mweupe, halafu miezi mitatu baadaye nikakumbuka kwamba pembeni mwa kurasa zake kulikuwa na tarehe za ubatizo wetu na maneno ya penseli. Ilibidi mtoto wa baba mdogo huko Njombe apige picha ukurasa kwa ukurasa na kunitumia, na kurasa nne za mwisho mwandiko umefifia kiasi cha kutosomeka.

Karatasi hizo zina faida nyingine isiyohusu kumbukumbu. Jina la pili la baba kwenye cheti cha ubatizo lilikuwa na herufi moja tofauti na jina lililo kwenye barua ya ajira, na la kwenye kitambulisho cha taifa lilikuwa tofauti na yote mawili. Mwaka wa kuzaliwa pia ulitofautiana. Mimi niliutangaza kanisani mwaka mmoja, na tulipofuatilia mirathi na mafao tukakuta ofisi zina mwaka mwingine, tukaanza kuhangaika na hati za kiapo. Kama mzazi wako yupo, kaa naye jioni moja mzipange karatasi hizi mezani na kulinganisha herufi kwa herufi. Wakati mnapanga ndipo atakapokusimulia. Kipande cha karatasi humfungua mzee mdomo kuliko swali.

Na sauti pia. Mimi nina sekunde 40 tu za sauti ya baba, akiomba mezani siku mjukuu wake alipobatizwa, na nusu ya sekunde hizo kuna sahani zinagongana.

Kuhusu kuusoma wasifu wenyewe, mchungaji alitupa dakika tano, na sikumlaumu wakati ule kwa sababu ratiba ilikuwa ndefu. Lakini siku ileile salamu za rambirambi zilichukua zaidi ya saa moja, na watu ambao hawakumjua marehemu walijitambulisha vyeo vyao kwa kirefu. Kwa hiyo nashauri kamati zipunguze salamu na wasifu uongezewe dakika. Kama haiwezekani, fanya tulivyofanya sisi: soma ule mfupi kanisani, wenye tarehe sahihi na jambo moja tu lililoonekana kwa macho, kisha ule mrefu usubiri siku ya kuweka msalaba kaburini, ambapo watu wametulia, wamekula, na hakuna anayewahi basi.

Siku hiyo kwetu ilikuwa Novemba 2020. Baada ya ibada tulirudi nyumbani, tukakaa chini ya turubai, nikausoma wasifu wa pili wenye kurasa sita. Sikusema kwamba baba alikuwa mcheshi. Nilisoma kuhusu mnada, kokoto, chaki, fimbo nne na neno "Nimekukosea," na nikamwona mvuvi akikitazama kiganja chake na kukifunga. Maalimu alikuwapo, kwenye kiti cha mbele, kwa kuwa mama alisisitiza. Dada wa maji alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake. Nilipofika kwenye baiskeli nikasoma kwamba mwalimu alifunga madebe mawili kwa mpira wa tairi na kuweka majani ya mkorosho juu ya maji ili yasimwagike.

"Hapana," akasema yeye, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Nikanyamaza. "Majani yalikuwa ya mwembe. Ya mkorosho yangetia maji ukakasi, na mama yangu asingeyanywa."

Nikaomba kalamu. Maalimu alikuwa nayo mfukoni mwa kanzu.